Bawabu wa Chumba Namba Mbili

Nyumbani kwao mlango haukugongwa. Mgeni alisimama kizingitini akapiga hodi ya mdomo, na asiposikika alipiga tena au alikwenda zake. Muuza maziwa alilijua hilo, majirani walilijua, na hata mwenye nyumba, mtu asiyependa kufundishwa, alikuwa amejifunza kukohoa. Kwa ndani, ubao wa mlango ulivikwa blanketi kuukuu lililokunjwa mara mbili. Mama alikuwa amelibandika kwa gundi, maana msumari ungetaka nyundo.

Binti yake alikua akiliona blanketi hilo kama watoto wengine wanavyoliona pazia. Alidhani kila nyumba ina lake. Mpaka siku moja, akiwa darasa la tatu, alikwenda kucheza kwa rafiki yake, mtu akagonga mlango, naye akajificha chini ya meza. Walimcheka mpaka machozi yakawatoka. Alirudi nyumbani akamuuliza mama yake kwa nini. Mama akamwambia amalize uji wake.

Sasa binti huyo alikuwa na miaka ishirini na minne. Alikuwa ameolewa na dereva wa malori aliyeonekana nyumbani mara mbili kwa mwezi, na amezaa mtoto wa kiume aliyenona hadi mikono ikafanya mikunjo, ambaye kila mtu alimwita Kibonge. Kazini kwake, kwenye ghala la baridi, wenzake walimpa jina la Mwanafunzi, kwa sababu jioni mbili kila wiki alivua koti zito, akachomoa daftari mfukoni na kukimbilia darasa la watu wazima. Jina lilianza kama dhihaka, likamkaa kama nguo ya kushonewa. Zamani aliacha shule kabla ya mtihani wa mwisho. Mtihani huohuo sasa ulikuwa umebakiza miezi miwili, naye aliutazama kama msafiri anavyoitazama taa ya kwao akiwa bado ng'ambo ya bonde.

Yote hayo yaliegemea mgongo wa mama yake. Mama ndiye aliyemlea Kibonge mchana kutwa, na jioni za masomo pia. Mama akiondoka, ama kazi ife, ama masomo yafe. Hapakuwa na la tatu. Na mama alikuwa ametangaza kuondoka.

Chanzo kilikuwa kikombe. Wiki tatu nyuma Kibonge aligundua kwamba kikombe cha bati kikigongwa sakafuni kinapata sauti. Alikigonga mara mbili, akatulia, akainua uso kuwatazama watu. Kisha mbili tena. Bibi yake, aliyekuwa akichambua mchele, alisimama akatoka nje bila viatu, akaenda kushika kamba ya nguo, akaishika mpaka mtoto aliposinzia. Kesho yake alikificha kikombe. Kibonge akapata kijiko. Kijiko nacho kikafichwa, Kibonge akagundua kisigino chake mwenyewe na ubao wa kitanda. Na mtoto hanyang'anywi kisigino.

"Kelele zinanipasua kichwa," mama alisema. "Nakwenda kwa mama yako mdogo nikapumzike. Jumamosi."

Mwanafunzi alibembeleza, akanuna, akabembeleza tena. Hakuelewa ni bibi gani anayekimbia kikombe. Jirani naye alitia chumvi, akatania kama watu wanavyowatania mabibi na wajukuu wao wa kiume: eti mume mdogo amemshinda, anamfukuza nyumbani? Bibi mwingine angejibu kwamba huyu afadhali kuliko yule wa kwanza, maana huyu akishiba analala. Mama, tangu Kibonge azaliwe, hakuwahi kumwita mume wangu, hata kwa mzaha, hata mara moja.

Wiki hiyohiyo Mwalimu wa jioni aliwapa kazi. Walikuwa watu wazima kumi na mmoja, wamejibana kwenye madawati ya watoto, magoti karibu na videvu. Kila mmoja alete neno la kazini kwake ambalo kamusi ya darasa haikulijua, au haikulijua vizuri. Aeleze maana, kisha matumizi. Siku ya Jumatano wakayasoma. Mshona nguo alileta akiba, kitambaa kinachokunjwa ndani ya pindo ili gauni la mtoto lirefushwe mwakani. Kinyozi alileta jina la upara unaoanzia kisogoni, likazua kicheko, maana Mwalimu mwenyewe alikuwa nao.

"Bawabu," Mwanafunzi alisema zamu yake ilipofika.

Mwalimu alisema bawabu wanamjua, ni mngoja mlango, hata kamusi inamjua. Mwanafunzi akasema wa kwao ni mwingine, akaeleza. Mlango wa chumba cha baridi una mpira kando zote nne. Mpira ukichoka, hewa ya nje hujipenyeza. Ikikutana na baridi hutoa jasho, jasho hudondoka, tone hugandia juu ya tone, na asubuhi ukifungua unakuta barafu inaning'inia juu ya mlango kwa ndani, nene juu, nyembamba chini, kama karoti ya kioo. Wakati mwingine moja, wakati mwingine safu nzima. Huyo ndiye bawabu. Watu wa ghala humsema kama mtu: bawabu ameamka mapema leo, bawabu anataka kunyolewa. Na wamempa jina hilo kwa sababu ukimwacha akue, atateremka na kuushika mlango, kisha yeye ndiye atakayeamua nani aingie na nani atoke.

Kinyozi alijikunja kama aliyepigwa na upepo.

Mwalimu akamwomba matumizi. Mwanafunzi akasoma sentensi aliyoiandika kwa mwandiko wake mzuri kuliko wote: Bawabu wa chumba namba nne amekuwa mrefu sana leo. Mwalimu akatikisa kichwa. Hiyo umeitunga, alimwambia, umekaa mezani ukaitunga. Neno lililotungiwa sentensi ni sawa na nguo iliyo dukani, bado haijaingia mwilini mwa mtu.

"Niletee iliyosemwa kweli," alisema. "Nani aliisema, alimwambia nani, siku gani. Jumatatu."

Ghala lilikuwa ukumbi mrefu wa saruji wenye vyumba vitano vya baridi. Kazi ya Mwanafunzi ilikuwa kupokea makasha ya samaki na kuku, kuandika nambari zake na kuyapanga. Lakini kabla ya kasha la kwanza, kila asubuhi, ilikuwa lazima mabawabu wavunjwe, na jambo hilo lilikuwa na utaratibu wake. Mmoja aliingia na nyundo ya mti. Mwenzake alibaki nje ameshika mlango, ameurudisha bila kuufunga, maana ukiuacha wazi joto linamlisha bawabu. Aliye ndani aligonga mara mbili, akanyamaza, akasema kwa sauti: "Nipo." Aliye nje akajibu: "Nakusikia." Ndipo aliye ndani akagonga tena.

Hakuna aliyejua kwa nini. Wageni wa kazi walicheka siku ya kwanza, wakasema huu ni mchezo wa kujificha wa watoto. Siku ya pili hawakucheka sana, kwa sababu Fundi wa mitambo, mzee mpole ambaye hata panya aliwatoa nje kwa ufagio tu, alikuwa hana mzaha katika hilo. Asiyeitikia alirudishwa nyumbani siku hiyo.

Na kulikuwa na chumba namba mbili. Kilikuwa kimezimwa tangu zamani, kikajazwa makasha matupu. Mitambo ya vyumba vingine ilipopumzika na ukumbi ukatulia, mara mojamoja kulisikika kugonga huko ndani. Si kwa nguvu. Kama mtu aliyechoka. Fundi alisema ni mabomba yanajinyoosha. Lakini chumba hakina baridi, mabomba yanajinyoosha nini? Mwanafunzi hakuuliza. Aliwahi tu kuona, akitokea nyuma yake na karatasi za kusaini, kwamba Fundi akipita mbele ya mlango ule hupunguza mwendo, na midomo yake husema kitu.

Jambo jingine alilikumbuka sasa, ingawa hakujua aliweke wapi. Alipopata kazi pale, miaka miwili iliyopita, mama yake hakula siku mbili. Mwanafunzi alidhani ni kwa sababu baba yake aliwahi kufanya kazi ghala hilohilo. Alichojua kuhusu baba ni kwamba baridi ilimwingia kifuani akafa, yeye akiwa bado ananyonya. Siku ya tatu mama alimuuliza swali moja tu: "Wakiwa wanavunja barafu, bado wanaitikiana?" Alipokwenda, akaona, akarudi na kusema ndiyo, wanaitikiana, mama alichukua sahani yake akala.

Siku ya Alhamisi alimfuata Fundi kwenye chumba cha mitambo. Akamwamkia, akamweleza habari ya Mwalimu: yeye ndiye wa siku nyingi kuliko wote, amsaidie sentensi moja ya bawabu iliyosemwa na mtu kweli. Fundi alikuwa akifuta mafuta kwenye vidole, kimoja baada ya kimoja. Alisema maneno ya kazini yako tele, apeleke komeo, apeleke mpira, apeleke kasha. Mwanafunzi akasema Mwalimu amelipenda hili. Fundi akasema Mwalimu hajui anachokipenda. Kisha akawasha mtambo, na palipo mtambo hapana mazungumzo.

Ijumaa asubuhi zamu ya chumba namba tatu ilikuwa yake na Mapengo. Mapengo alikuwa mpakiaji, kijana asiye na meno mawili ya mbele, na aliyekuwa mcheshi wa ghala zima. Hata msibani watu walikaa mbali naye wasije wakacheka. Mwanafunzi alivaa koti, akachukua nyundo, akaingia. Mlango ukarudishwa nyuma yake.

Bawabu wa siku hiyo alikuwa mkubwa. Alikuwa ameteremka kutoka juu ya mlango mpaka karibu na kitasa cha ndani, kile cha kujifungulia mtu akiwa amefungiwa. Mwanafunzi aligonga mara mbili. Vipande vilidondoka.

"Nipo," alisema.

Kimya.

Alisubiri. Labda Mapengo anapiga chafya. Akagonga mbili nyingine, akasema nipo kwa sauti zaidi. Mvuke wa pumzi yake ulipanda ukatawanyika. Hakuna aliyejibu. Alijua mlango haujafungwa. Alijua ni Mapengo, na Mapengo ni Mapengo. Lakini mwili una akili yake, na akili ya mwili ilianza kugonga bila kuhesabu, kwenye barafu, kwenye mlango, popote, nyundo ikipanda na kushuka yenyewe. Aliposimama kuvuta pumzi, alisikia ukutani, upande wa kushoto, upande wa chumba namba mbili, pigo moja. Kisha la pili. Kisha kimya, kama mtu anayengoja.

Mlango ukafunguliwa. Mapengo alikuwa ameinama anacheka, mikono magotini. Kicheko chake kilikatika katikati, kwa sababu mkono wa Fundi ulikuwa umemshika ukosi wa koti na kumwinua kama paka. Hakuna aliyewahi kumwona Fundi hivyo. Midomo yake ilikuwa imekuwa ya kijivu.

"Ulimsikia anagonga?"

Mapengo alisema alimsikia.

"Ukafikiri nini?"

"Mzee, ni utani tu…"

"Nakuuliza ulifikiri nini, ulipomsikia anagonga vile, bila kituo."

Mapengo alijitetea. "Sikufikiri kitu. Si yuko ndani, anamgonga bawabu."

Fundi alimwachia kama aliyeshika moto. Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango wa chumba namba mbili. Alikaa hapo muda, na watu waliokuwa wamekusanyika wakaanza mmoja mmoja kutafuta kazi ya kufanya. Walipobaki wawili, alimtazama Mwanafunzi, aliyekuwa bado ameshika nyundo.

"Hiyo ndiyo sentensi unayoitafuta, binti yangu," alisema. "Iandike. Wa kwanza kuisema kamuulize nyumbani kwako."

Mwanafunzi alifika nyumbani jua likiwa bado kwenye mabati. Begi la mama lilikuwa karibu na mlango, limefungwa zipu, na juu yake kanga imekunjwa vizuri. Kibonge alikuwa amelala kitandani, kinywa wazi. Mama alikuwa ameketi mkekani anakata sukumawiki taratibu kwa mkono, akizichana badala ya kutumia kisu na ubao. Na Mwanafunzi, kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo, alijua kwa nini nyumbani kwao mboga huchanwa kwa mkono. Au alikaribia kujua.

Hakuvua viatu. Alitoa daftari. Alisema ana kazi ya shule, angependa kumsomea. Mama alisema asome, masikio yapo.

"Bawabu," Mwanafunzi alisoma. "Barafu inayoning'inia juu ya mlango wa chumba cha baridi, upande wa ndani."

Mikono ya mama ilisimama.

"Matumizi: Yuko ndani, anamgonga bawabu."

Jani la mboga lilibaki mkononi, nusu limechanwa. Mama hakulia, hakushtuka. Alifanya jambo lililomtisha binti yake kuliko kilio: aligeuza kichwa kuelekea mlangoni, kwenye blanketi, akasikiliza.

"Hukuimaliza," alisema baadaye. "Inaanza na mwache. Mwache, yuko ndani, anamgonga bawabu. Nilisema hivyo."

Kisha akasimulia, kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya mtu mwingine. Ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi kazi iliisha saa sita mchana. Yeye alikuwa mpakiaji, mume wake mpokea mizigo, kazi ileile anayoifanya binti leo. Watu walikuwa wanakwenda. Mume akasema anaingia chumba namba mbili dakika moja tu kumvunja bawabu, na kwa dakika moja nani anavaa koti? Aliingia na shati. Zamani hizo mtu aliingia peke yake, mlango ukajirudi nyuma yake. Mama alikuwa bombani ananawa mikono, akamsikia anagonga. Rafiki yake mpakiaji akamuuliza, humngoji mumeo? Naye akajibu.

"Nilikuwa na haraka," mama alisema. "Maziwa yalikuwa yamejaa, blauzi imelowa mpaka tumboni. Wewe ulikuwa kwa jirani unalia njaa. Nikasema mwache, atanikuta nyumbani. Tukaenda zetu tunacheka. Tulicheka jambo gani, sikumbuki. Nimelitafuta miaka yote hii, sikumbuki."

Walimpata jioni, mama aliporudi na mwenye funguo. Bawabu alikuwa ameteremka akakishika kitasa cha ndani, akakigandisha chote kama kitu kilichozamishwa kwenye kioo. Nyundo ilikuwa imepasuka mpini. Barafu juu ya kitasa ilikuwa imevunjwa karibu yote. Ilibaki unene wa kidole.

"Watu waliniambia usijilaumu, ulikosea. Mimi sikukosea, mwanangu. Hapo ndipo ninapolala na hapo ndipo ninapoamkia. Nilisema kweli. Alikuwa anamgonga bawabu." Alilitazama jani lililokuwa mkononi mwake. "Na nilisikia kwamba hakupumzika kati. Mtu wa kazi hupiga mbili akapumzika. Yeye hakupumzika. Nikajiambia, leo naye ana haraka kama mimi."

Mwanafunzi alikuwa ameketi sasa, viatu miguuni, juu ya mkeka. Alielewa pia lile lisilosemwa: kwamba katika habari hii yeye ndiye aliyekuwa akilia njaa. Kwamba mama alimficha jambo hili miaka yote ili asije akajiona kuwa yeye ndiye aliyemwita mama nyumbani. Alitafuta neno. Darasa la jioni lilikuwa limempa maneno mengi, nayo yote yalisimama nje, hayakupiga hodi.

Mwishowe aliuliza kitu kidogo. Ule utaratibu wa nipo na nakusikia, uliletwa na nani?

Mama alipangusa mikono. Alisema arobaini ilipokwisha alirudi ghalani, hakurudi kwa kazi. Alisimama ukumbini, mbele ya kile chumba, kila asubuhi, akawafundisha mmoja baada ya mmoja. Wengine walimwonea huruma, wengine waliona amerukwa na akili. Msimamizi alitaka atolewe nje. Kijana mmoja wa mitambo akasema mama huyu akitolewa na mimi natoka. Akabaki mpaka wakazoea. Kisha hakukanyaga tena pale.

"Leo nilikuwa ndani, mama," Mwanafunzi alisema. "Nikasema nipo, sikujibiwa. Fundi alikuja mbio kutoka mwisho wa ukumbi. Mzee yule hakimbii."

Mama alifumba macho. Mkono wake ulisogea mkekani ukashika kiatu cha binti yake, kiatu chenyewe, ukakishika.

Hapo ndipo Kibonge alipoamka.

Hakulia. Aliamka kama alivyoamka siku zote, akiwa na shughuli. Waliusikia mwili wake ukigeuka, kisha kisigino: mara mbili kwenye ubao wa kitanda. Mama alisimama palepale. Ilikuwa ni mazoea ya wiki tatu na ya miaka ishirini na mitatu. Miguu yake ilikuwa imeshafika mlangoni, mkono wake umeshika begi.

Kibonge alinyamaza. Kisha mbili tena.

Mwanafunzi alimtazama mwanawe kupitia upenyo wa pazia, na akaona jambo alilokuwa akilitazama wiki tatu bila kuliona. Mtoto alikuwa akigonga, akanyamaza, akainua kichwa, macho mlangoni, masikio wima. Hakuwa anapiga kelele. Alikuwa anauliza. Na kwa kuwa hakujibiwa, akauliza tena, kwa nguvu zaidi, kwa kikombe, kwa kijiko, kwa kisigino, kwa kila alichopewa na Mungu.

"Mama," alisema polepole. "Anapumzika kati."

Mama alisikiliza. Mbili. Kituo. Mbili. Mkono wake ulikuwa bado umeshika begi, kanga imeteleza imeanguka chini. Alifungua kinywa, sauti isitoke, akajaribu tena, na ilipotoka ilikuwa sauti ya mtu anayeita kupitia mlango mzito sana.

"Nakusikia."

Chumbani kukawa kimya. Halafu ukatoka mlio mdogo wa mshangao, na kisigino, mara mbili, haraka, kama mtu aliyekuwa amekata tamaa ya kujibiwa, sasa amejibiwa.

"Nakusikia," mama alisema tena, na sasa machozi yalikuwa yanamtiririka bila yeye kuyafuta. Alikwenda chumbani akipapasa ukuta kama kipofu, akasimama kando ya kitanda. "Nakusikia, mume wangu. Nakusikia. Nakuja kukutoa."

Akamwinua.

Jumamosi ikafika, ikapita. Hakuna aliyetaja safari. Begi lilibaki karibu na mlango mpaka katikati ya wiki iliyofuata, kisha Mwanafunzi akaliona limewekewa vitunguu, akajua limepata kazi nyingine. Blanketi la mlangoni halikuondolewa. Wageni wanaendelea kupiga hodi ya mdomo, na mboga bado huchanwa kwa mkono. Ziko siku ambazo Kibonge akizidisha, bibi yake hutoka nje kushika kamba ya nguo. Lakini hujibu akiwa hukohuko nje, kwa sauti kubwa, mpaka jirani akamuuliza anazungumza na nani. Na mume wangu, humjibu.

Kabla ya darasa la Jumatatu, Mwanafunzi aliomba ruhusa. Mama alifikiri kwa muda mrefu akimfunga mtoto mgongoni. Alisema aandike, ila kwa sharti moja: asiiandike ile sentensi peke yake. Aweke na ile nyingine chini yake: Nakusikia.

Asubuhi ya Jumatatu hiyo alipita mbele ya chumba namba mbili mitambo ikiwa imepumzika. Kukagongwa. Mara moja, kisha ya pili, kama mtu aliyechoka. Fundi alikuwa mwisho wa ukumbi, ameshika ufagio, anamtazama. Mwanafunzi alisimama. Aliweka kiganja chake kwenye ubao wa mlango, mlango uleule ambao mama yake aliusikia ukigongwa akinawa mikono bombani, akiwa na haraka, blauzi imelowa.

"Nakusikia, baba," alisema.

Akangoja kidogo, kama desturi inavyotaka. Kisha akaenda kuchukua nyundo.